Usiku Juu ya Mugumo: Historia ya Hoteli ya Treetops, Nyeri

Mwaka 1932, katika msitu wa Nyandarua karibu na mji wa Nyeri, mafundi walipandisha mbao juu ya mugumo mkubwa uliosimama kando ya kidimbwi, wakajenga vyumba viwili kati ya matawi. Kazi ilikatizwa mara kwa mara na wenyeji wa msitu. Ndovu na vifaru walipofika kunywa maji, watu waliacha misumeno na kukimbia. Hatimaye jengo lilikamilika, likapewa jina la Treetops, na kwa muda wa miaka 20 iliyofuata wageni wachache wenye pesa walilala humo usiku mmoja mmoja, wakachungulia wanyama kwa mwanga wa mwezi, kisha asubuhi wakarudi mjini kunywa chai.

Mwenye hoteli alikuwa Mwingereza, Eric Sherbrooke Walker, mtu aliyeishi maisha ya vituko kabla ya kufika Kenya. Alikuwa katibu wa Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti. Katika Vita Kuu ya Kwanza alikuwa rubani wa ndege za kivita, akatekwa na Wajerumani, akajaribu zaidi ya mara moja kutoroka kambini. Baada ya vita alipata fedha kwa kuingiza pombe ya magendo Marekani, wakati pombe ilipokuwa imepigwa marufuku nchini humo, na habari hizo aliziandikia kitabu kwa jina la bandia. Yeye na mkewe, Lady Bettie, ndio waliofungua Hoteli ya Outspan mjini Nyeri mwishoni mwa miaka ya 1920, katika bonde la mto Chania, mahali ambapo Mlima Kenya huonekana waziwazi mawingu yakiondoka. Inasimuliwa kwamba wazo la nyumba ya mtini lilikuwa la Bettie, aliyevutiwa na hadithi ya watoto ya Peter Pan.

Kwa Bettie Walker mti ule ulikuwa mahali pazuri pa kuchezea ndoto. Kwa Wagikuyu ulikuwa kitu kingine kabisa. Mugumo ndio mti ambao chini yake wazee walichinja kondoo, wakaomba mvua, wakaelekeza uso Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, na kumwita Ngai, Mungu wao. Jomo Kenyatta aliyaeleza hayo katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka 1938, miaka sita tu baada ya Treetops kujengwa. Mugumo wa ibada haukukatwa wala kuvunjwa matawi ovyo. Si kila mugumo wa msituni ulikuwa wa ibada, lakini hakuna Mgikuyu aliyeutazama mti wa aina hiyo kama mti wowote tu. Anayeisoma historia ya Treetops bila kulijua hilo anaikosa nusu yake.

Safari ya kwenda kulala mtini ilikuwa na taratibu zake. Mgeni alifikia kwanza Outspan, akala chakula cha mchana, akaacha mizigo mikubwa huko na kuchukua kifurushi cha usiku mmoja. Gari liliwafikisha wageni ukingoni mwa msitu, na kutoka hapo walitembea kwa miguu nyuma ya mwindaji mwenye bunduki. Kando ya njia, ngazi fupi zilikuwa zimepigiliwa kwenye miti. Nyati akitokea ghafla, kila mtu alitakiwa kujua ngazi iliyo karibu naye iko wapi. Mwisho wa njia palikuwa na ngazi ndefu ya kupandia hotelini, na ikishavutwa juu, mgeni alikuwa mfungwa wa hiari hadi asubuhi.

Kilichowaleta wanyama kilikuwa maji na chumvi. Udongo wa pale ulikuwa na chumvi ya asili, na wenye hoteli waliongeza nyingine ya kumwaga. Ndovu walichimba matope kwa pembe na kuyala. Vifaru walifika usiku, wakikoroma na kusukumana. Wageni waliambiwa wanong'one, wasivute viti, wasifunge mlango kwa kishindo. Watu waliozoea hoteli zenye bendi na dansi walijikuta wamekaa kimya saa nne, tano, wamejifunika mablanketi kwa baridi ya Nyandarua, wakisubiri tawi livunjike gizani. Hakuna anasa iliyouzwa pale. Vyumba vilikuwa vyembamba, vitanda vidogo, na choo si cha kusifia. Hata hivyo, walioshuka asubuhi macho mekundu kwa kukosa usingizi walikwenda kusimulia London na New York, na wenzao wakaja.

Nyeri yenyewe ilikuwa imeanza kupata jina. Baden-Powell alimtembelea rafiki yake Walker, akapapenda, na mwaka 1938 akajengewa nyumba ndogo katika uwanja wa Outspan, iliyoitwa Paxtu. Alikaa humo hadi alipofariki tarehe 8 Januari 1941. Kaburi lake liko Nyeri, na hadi leo maskauti kutoka kila pembe ya dunia hulitembelea. Baadaye nyumba hiyohiyo ilikaliwa na Jim Corbett, mwindaji mashuhuri aliyewaua simba-marara na chui wala watu katika vilima vya Kumaon, India, na ambaye uzeeni aligeuka kuwa mtetezi wa wanyama hao. India ilipopata uhuru mwaka 1947, Corbett na dada yake Maggie walihamia Kenya. Ni huyu Corbett atakayekutwa juu ya ngazi ya Treetops katika usiku uliobadilisha kila kitu.

Mwishoni mwa Januari 1952, Binti Mfalme Elizabeth, mwenye umri wa miaka 25, na mumewe Philip waliondoka London kwa ziara ndefu iliyokuwa iwafikishe Australia na New Zealand. Baba yake, Mfalme George wa Sita, alikuwa mgonjwa, na ziara hiyo ilikuwa yake kwa haki; binti alikwenda kwa niaba yake. Mfalme alifika uwanja wa ndege kumuaga mwanawe. Kituo cha kwanza kilikuwa Kenya, ambako wawili hao walikuwa wamepewa nyumba ya mapumziko huko Sagana kama zawadi ya harusi kutoka kwa serikali ya koloni. Nyumba ya Sagana haikuwa mbali na Nyeri, na Walker aliwaalika walale Treetops usiku mmoja. Jengo liliongezwa na kukarabatiwa kwa ajili yao.

Alasiri ya tarehe 5 Februari waliukaribia mti. Kulikuwa kumekubaliwa ishara: kukiwa na hatari, kitambaa cheupe kingepeperushwa juu ya paa. Kitambaa, foronya ya mto, kilikuwa kinapepea. Kundi la ndovu lilikuwa limeshafika kidimbwini, karibu kabisa na mti, na majike yenye watoto ndiyo ya kuogopwa kuliko yote. Walijadiliana kidogo, kisha wakaendelea. Elizabeth alitembea polepole hadi chini ya ngazi, akapanda, na dakika chache baadaye alikuwa barazani na kamera yake ya sinema, akiwapiga picha ndovu waliomtisha kila mtu mwingine. Corbett, aliyekuwa na umri wa miaka 76, aliisimulia siku hiyo katika kitabu chake kidogo kiitwacho Tree Tops, kilichotoka mwaka 1955. Anayasimulia mengi kwa jicho la mwindaji: ndovu wakijitupia vumbi, nyani wakijileta, na madume mawili ya kuro yaliyopigana hadi moja likaumia vibaya majini.

Usiku ulipoingia, vifaru walifika kulamba chumvi. Wageni walikesha kiasi, kisha wakalala. Corbett hakulala. Mzee yule alikaa juu ya ngazi na bunduki yake mpaka kulipopambazuka, akilinda.

Usiku huohuo, huko Sandringham, Mfalme George alifariki usingizini. Hakuna aliyekuwa naye, kwa hiyo saa yenyewe haijulikani. Mhudumu alimkuta asubuhi ya tarehe 6. Mtini Nyeri habari hiyo haikuwafikia. Elizabeth aliamka, akapiga picha tena vifaru waliokuwa bado kidimbwini, akanywa chai, akashuka na kurudi Sagana, akiwa tayari ni malkia bila yeye wala mtu mwingine Kenya kujua. Habari zilifika alasiri, kwanza kupitia waandishi wa habari waliokuwa Outspan, na Philip ndiye aliyemwambia. Kabla ya giza walikuwa wameshaondoka. Ndege ndogo iliwachukua Nanyuki hadi Entebbe, Uganda, ambako dhoruba ya radi iliichelewesha ndege kubwa ya kuwarudisha London.

Tangu siku hiyo Treetops haikuwa tena nyumba ya mtini ya wapenzi wa wanyama. Ilikuwa mahali ambapo binti alipanda mtini akiwa binti mfalme, akashuka akiwa malkia. Maneno ya namna hiyo aliyaandika Corbett mwenyewe katika kitabu cha wageni, na magazeti yakayachukua, na wauza safari wakayachukua, na kwa miaka mingi yakatosha kuijaza hoteli. Lakini mambo yanayofuata hutajwa kwa sentensi moja tu katika masimulizi mengi ya watalii, ilhali yanastahili nafasi kubwa zaidi.

Miezi minane baada ya usiku ule, tarehe 20 Oktoba 1952, serikali ya koloni ilitangaza Hali ya Hatari. Vijana wa Nyeri, Murang'a na Kiambu walikuwa wamekula kiapo cha kupigania ardhi na uhuru, na maelfu yao, walioitwa Mau Mau, wakaingia msituni, wengi wao katika msitu uleule wa Nyandarua. Kiongozi aliyejulikana kuliko wote, Dedan Kimathi, alizaliwa Nyeri. Msitu ulijulikana kwao kama ua wa nyumbani: mito, mapango, njia za ndovu, miti yenye asali. Waongoza watalii wa Nyandarua hadi leo huonyesha mugumo unaoitwa posta ya Kimathi, ambao inasimuliwa kwamba wapiganaji waliacha barua zao ndani yake. Kwa hiyo katika msitu mmoja, ndani ya miaka michache, mugumo mmoja ulibeba malkia na mwingine ukabeba barua za waliotaka kumaliza utawala wake.

Majibu ya serikali yalikuwa makali. Ndege za kivita ziliumwagia msitu mabomu. Mpakani mwa msitu wanakijiji walilazimishwa kuchimba handaki refu la kilomita zipatazo 80, lililotegwa miti iliyochongwa, ili kuwakatia wapiganaji chakula. Aprili 1954 jeshi liliuzingira mji wa Nairobi na kuwakamata makumi ya maelfu ya watu. Kuanzia katikati ya mwaka huo, watu zaidi ya milioni moja walihamishwa kwa nguvu kutoka mashambani mwao na kurundikwa katika vijiji vya kulindwa. Hoteli ya mtini ilikuwa imefungwa kwa wageni, na askari wa King's African Rifles waliitumia kama mnara wa kuangalia msitu.

Tarehe 27 Mei 1954 wapiganaji wa Mau Mau waliichoma moto. Vyumba alivyolala Malkia viliteketea pamoja na mugumo uliovibeba.

Vitabu vya wakati ule viliuita moto huo uharibifu. Ukiutazama kutoka upande wa waliouwasha, hesabu ni nyingine. Jengo lililokuwa alama ya starehe ya watawala lilikuwa limegeuzwa kituo cha jeshi linalowasaka. Lilisimama katikati ya msitu ambao kwao ulikuwa kambi, hospitali na hekalu. Kuliacha kungekuwa kumwachia adui jicho juu ya mti. Moto ule ulikuwa tendo la vita, na ndivyo unavyopaswa kuandikwa.

Kimathi alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 katika kingo za msitu huo, baada ya kupigwa risasi akiwa amedhoofika kwa njaa. Alinyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Mwaka huohuo wa 1957 Treetops mpya ilifunguliwa ng'ambo ya pili ya kidimbwi, kubwa zaidi, ikisimama juu ya nguzo za mbao huku matawi ya miti hai yakipenya ndani ya jengo. Kwa wasafiri wa Ulaya na Marekani mambo haya mawili hayakuhusiana. Kwa watu wa Nyeri, waliojua kwamba mwili wa Kimathi umezikwa pasipojulikana, wakaona hoteli ikinyanyuliwa upya, mwaka 1957 ulikuwa na uzito wake.

Treetops ya pili ndiyo iliyojulikana na wengi. Vyumba viliongezeka hadi kufikia makumi. Taa kubwa ziliwekwa kumulika kidimbwi usiku, kwa mwanga hafifu usiowafukuza wanyama. Chumbani paliwekwa kengele, na idadi ya milio yake ilimwambia mgeni aliyelala ni mnyama gani amefika: aamke kwa ajili ya kifaru au aendelee na usingizi. Chakula cha jioni kililiwa kwenye meza ndefu, watu wasiojuana wakikaa bega kwa bega, na nyani waliwapora wageni mikate ya chai barazani bila haya. Waliopita hapo ni pamoja na Charlie Chaplin na Lord Mountbatten. Novemba 1966 Paul McCartney wa Beatles alikuwa Kenya kwa mapumziko na alifika Treetops.  Mafanikio ya hoteli hiyo yalizaa nyingine za aina yake. The Ark ilijengwa ndani zaidi katika msitu huohuo, na nyingine ikajengwa upande wa Mlima Kenya, zote zikifuata kanuni ileile: jengo moja, kidimbwi kimoja, chumvi, taa na subira.

Uhuru ulipopatikana Desemba 1963, nyumba ya Sagana ilirudishwa kwa serikali, na leo ni ikulu ndogo ya rais. Hoteli iliendelea na kazi. Wahudumu, wapishi, waongoza wageni na walinzi walikuwa wengi wao watu wa Nyeri, watoto wa familia zilizopitia vijiji vya kulindwa na handaki la mpakani. Ni watu hao waliosimulia hadithi ya Malkia kwa wageni, usiku baada ya usiku, miaka nenda miaka rudi. Wengi wao walikuwa na hadithi ya nyumbani ambayo hakuna mgeni aliyeiuliza.

Msitu nao ulilipa gharama. Mashamba yalipoufikia mpaka wa hifadhi, ndovu walibanwa katika ulimi wa msitu unaoelekea Nyeri, palepale Treetops ilipo, na chumvi na maji viliwafanya wasiondoke. Waliangusha miti mmoja baada ya mwingine. Picha za miaka ya 1930 zinaonyesha kidimbwi kilichozungukwa na msitu mzito. Malkia aliporudi Novemba 1983, zaidi ya miaka 30 baada ya usiku wake wa kwanza, alikuta jengo jingine, upande mwingine wa maji, katika uwanda uliokuwa karibu mtupu.

Vifaru walipungua pia, na kwa sababu mbaya zaidi. Kenya ilikuwa na vifaru weusi wapatao 20,000 mwaka 1970. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 ujangili ulikuwa umewapunguza hadi chini ya 400. Wanyama ambao mgeni wa mwaka 1952 aliwaona akiwa na kikombe cha chai mkononi wakawa wa kutafutwa. Mwaka 1988 liliundwa shirika la Rhino Ark kuwaokoa waliobaki Nyandarua, na kwa miaka 20 hivi uzio wa umeme wa kilomita zipatazo 400 ukajengwa kuzunguka milima yote, ukakamilika mwaka 2009. Wakulima wengi waliuunga mkono kwa sababu ndovu waliacha kula mahindi yao. Msitu uliolindwa na uzio huo ndio chanzo cha sehemu kubwa ya maji ya Nairobi, jambo ambalo mkazi wa Nairobi anayefungua bomba hulikumbuka mara chache.

Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa fidia Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa Hali ya Hatari, jumla ya takriban pauni milioni 20 pamoja na gharama za kesi. Malkia aliyepanda mugumo alikuwa bado kwenye kiti. Alifariki Septemba 2022, na kwa siku kadhaa jina la Treetops lilirudi katika taarifa za habari za dunia nzima, likiambatana na picha zilezile za msichana, ngazi na ndovu. Taarifa chache tu zilitaja ni nani aliyeuchoma mti ule, na chache zaidi zilieleza kwa nini.

Pengo hilo bado linaweza kuzibwa, lakini muda ni mfupi. Aliyekuwa na miaka 18 moto ulipowaka mwaka 1954 leo amekaribia au amepita miaka 90. Wapo Nyeri wazee waliobeba mizigo ya wageni hadi chini ya ngazi, waliochimba handaki, waliopeleka chakula msituni usiku, na waliofanya kazi hotelini baada ya vita. Chuo kikuu chenye jina la Kimathi kiko Nyeri kwenyewe, na kila mwanafunzi wake ana simu ya kurekodi sauti mfukoni. Basi na waende wakawaulize wazee hao, kwa Kigikuyu na kwa Kiswahili, kabla ya kumbukumbu za usiku wa mgeni mmoja kuwa ndizo pekee zilizobaki.